Gauti inanirudia kila mwezi na nusu, na dawa ya alopurinoli nameza. Nakosea wapi?

DerevaViazi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa kitandani Makambako, mguu wa kushoto uko juu ya mito miwili, shuka nimelitupa pembeni kwa sababu likigusa kidole tu naruka. Leo ni siku ya tatu niko hivi. Naomba mnisome mpaka mwisho. Nimechoka kuambiwa "acha nyama" na watu ambao hawajaniuliza hata nakula nini.

Nina miaka 46. Naendesha Fuso, napakia viazi Njombe na kushusha Dar, mara nyingi Mabibo. Mguu unaoumwa ndio mguu wa klachi, na pale kidole gumba kinapoungana na wayo ndipo hasa pedali inapokaa.

Ilianza 2019. Nililala gesti Mikumi nikiwa mzima kabisa, saa nane usiku nikaamka kama mtu aliyepigiliwa msumari wa moto kidoleni. Asubuhi kimevimba, ngozi imekaza inang'aa, kiatu hakiingii. Utingo wangu akasema nimekanyaga kitu, yaani nimetegewa. Mama mkwe aliposikia akasema hivyo hivyo, na siwafichi, wiki ile ya kwanza niliamini. Nikachomwa sindano ya diklofenaki duka la dawa, siku ya sita nikawa natembea, nikasahau. Miezi saba ikapita, ikarudi. Mwaka 2021 ilinishika mara mbili, 2022 mara tano, na haikukaa tena kwenye kidole peke yake: ilipanda kifundo cha mguu, halafu goti.

Mwaka huo 2022 ndipo nilipopimwa damu kwa mara ya kwanza. Asidi ya yuriki, ile taka ya damuni inayoganda kwenye viungo, mikromoli 560 kwa lita. Nikaambiwa ni gauti, wengine mnaita jongo, nikapewa alopurinoli, dawa ya kushusha hiyo asidi, ya miligramu 100, kimoja kwa siku. Wiki ya tatu ikanishika magoti yote mawili kwa pamoja, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Nikaona dawa ndiyo inayouamsha ugonjwa, nikaitupa. Nimeirudia Machi mwaka jana baada ya kuteseka sana, na tangu hapo nameza kila siku, isipokuwa siku kidole kinapowaka. Hapo nasimamisha mpaka kitulie, ndivyo nilivyoelekezwa mahali fulani. Kopo liko kwenye droo ya gari pamoja na leseni.

Pamoja na hayo yote, inanirudia kila wiki tano au sita. Mwezi wa pili nilipima nikiwa mzima, 489. Juzi nikapima kidole kikiwa kimevimba, 402, mpimaji akaniambia hiyo siyo mbaya sana, labda maumivu yanatokana na kitu kingine. Nitaelewaje hapo?

Chakula: kitimoto sijagusa mwaka wa pili huu. Maini, utumbo, supu ya makongoro, nimeacha. Bia nimeacha, na ulanzi pia, na mtu wa Njombe anajua maana ya kupita msimu wa ulanzi ukiwatazama wenzako. Nikaambiwa na maharage yanaleta, nikaacha. Njegere, nikaacha. Nimepungua kilo 9 na suruali nazifunga kamba. Mke wangu anapika vyungu viwili kila siku na hajawahi kulalamika, jambo linaloniumiza zaidi kuliko angelalamika. Njiani nakunywa soda mbili au tatu za kuondoa usingizi, maji kidogo tu ili nisisimame simame. Nina presha pia, natumia kidonge kimoja cha asubuhi, kile kilichochanganywa na dawa ya kukojoza.

Kiwiko cha kulia kimeota kinundu kigumu kama punje ya hindi. Hakiumi.

Wiki iliyopita ilinianza nikiwa Ilula, na mzigo. Kuteremka Kitonga kulikuwa na lori limekufa kwenye kona, foleni, unasogea hatua mbili unasimama. Klachi, breki, klachi, breki. Nikavua kiatu, nikawa nakanyaga kwa kisigino, jasho linanitiririka, na nyuma yangu kuna tani za viazi na watu wengine kwenye magari yao. Nilipofika Ruaha Mbuyuni nikaegesha, nikalia. Utingo akatoka nje, akaniacha mwenyewe.

Tajiri wa gari ni mtu mwema lakini viazi havisubiri. Safari mbili ameshampa dereva mwingine. Binti yangu yuko kidato cha tatu.

Maswali yangu: je, alopurinoli imeshindwa kwangu? Kuna dawa nyingine? Au huu si gauti?

---

Mwakaleli77

Pole sana mkuu. Mjomba wangu alipona kwa maji ya ndimu na kitunguu swaumu asubuhi kabla ya kula. Hizo dawa za hospitali mimi naziogopa.

DerevaViazi

Ahsante mkuu kwa moyo wako. Ndimu nilikunywa miezi miwili mfululizo. Tumbo liliwaka na kidole kikaja vilevile.

---

Mfamasia_Moro

Kaka, pole. Nimesoma yote. Mimi ni mfamasia, siwezi kukutibu kwa maandishi, lakini mambo kadhaa uliyoyaandika yananifanya niamini kwamba dawa haijashindwa. Haijapewa nafasi.

Miligramu 100 za alopurinoli ni dozi ya kuanzia. Inaanza chini kwa ajili ya usalama, halafu inapandishwa kwa miligramu 100 kila baada ya wiki mbili hadi nne huku damu ikipimwa, mpaka namba ishuke chini ya 360. Kwa mtu mwenye kinundu kama hicho cha kiwiko chako, ambacho nadhani ni yuriki iliyoganda chini ya ngozi, tunataka chini ya 300. Wengi wanahitaji 300 kwa siku, wengine 400 au zaidi, na kiwango kinaruhusiwa kufika 800 kwa mtu ambaye figo zake zinaruhusu na daktari anamfuatilia. Wewe umekaa kwenye ngazi ya chini mwaka mzima ukisubiri kufika juu.

Kwa nini wiki ya tatu ilikushika magoti yote mawili? Chukulia miaka yote hiyo yuriki imekuwa ikijikusanya kwenye viungo kama chumvi kwenye kuta za sufuria. Dawa ikishusha kiwango kwenye damu, ile iliyoganda inaanza kuyeyuka na kubanduka, na mwili unazishambulia punje zinazobanduka. Maumivu yale yanaonyesha dawa imeanza kazi. Ndiyo maana mtu akianzishiwa alopurinoli anapewa pia kinga, mara nyingi kolchisini ya miligramu 0.5 mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi mitatu hadi sita. Wewe hukupewa hiyo kinga, na hakuna aliyekueleza. Samahani kwa niaba yetu.

Pili, kusimamisha kidole kikiwaka. Usisimamishe. Ushauri huo ulikuwepo kuhusu KUANZA dawa wakati wa shambulio, na hata huo siku hizi umelegezwa. Ambaye tayari anaimeza anaendelea, anaongeza tu dawa ya maumivu. Ukiisimamisha kila mara, namba inapanda na kushuka, na kule kupanda na kushuka kwenyewe ndiko kunakoamsha shambulio jingine. Umekuwa ukizunguka humo humo.

Ile 402 ya juzi ipuuze. Wakati wa shambulio namba inaweza kushuka, hata ikaonekana ya kawaida. Pima tena wiki mbili au zaidi baada ya kutulia.

Kuhusu kidonge cha presha: kama hiyo dawa ya kukojoza iliyomo ni haidroklorothiazaidi, hicho kinazuia figo kutoa yuriki. Usikiache mwenyewe, presha itakupeleka pabaya ukiwa barabarani. Mwambie daktari una gauti, muulize kama losatani inakufaa, maana hiyo inashusha presha na kusaidia kidogo kutoa yuriki.

Maharage rudisha. Na njegere, na mchicha. Purini, vile vitu vya kwenye chakula ambavyo mwili unavigeuza yuriki, zikiwa za mimea hazijaonekana kuongeza gauti kama zile za nyama na samaki. Sehemu kubwa ya yuriki, kama theluthi mbili, mwili unaitengeneza wenyewe, kwa hiyo hata ukila ugali na chumvi tu, hushuki kutoka 489 mpaka 300. Usijilaumu tena kwa chakula. Ila zile soda, kaka, ndizo za kuacha. Sukari ya fruktosi iliyomo inaufanya mwili utengeneze yuriki zaidi, na wewe unazinywa badala ya maji.

Kabla ya kupandisha dozi omba kipimo cha kreatinini, tujue figo zikoje. Na ukiona vipele, ngozi kuwasha, vidonda mdomoni au homa, acha alopurinoli siku hiyo hiyo ukaonekane hospitali. Ni nadra, lakini mwenzako akikwambia nenda kesho, usimsikilize.

DerevaViazi

Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mke wangu kwa sauti. Aliposikia la maharage akainuka akaenda kuloweka.

Swali. Ikinishika usiku niko gesti, nifanye nini? Nimezoea sindano ya diklofenaki, na nikifika Dar naongeza vidonge vyake. Wiki nzima wakati mwingine.

Mfamasia_Moro

Hapo ndipo panaponitisha. Diklofenaki kwa mtu wa presha, anayekunywa maji kidogo, wiki nzima kila mwezi na nusu: figo, tumbo, na presha yenyewe inapanda. Muombe daktari akuandikie kolchisini ya kutembea nayo. Ikianza tu kuwasha, ndani ya saa chache za mwanzo, vidonge viwili vya 0.5, baada ya saa moja kimoja, basi kwa siku hiyo. Zamani watu walimeza kila saa mpaka waharishe, utaratibu huo ulishaachwa kwa sababu kolchisini ikizidi inaua. Kama unatumia antibayotiki, hasa klarithromaisini, mwambie anayekuuzia. Ikishindikana, kuna prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ya siku chache, lakini kwa maelekezo ya daktari. Na barafu: ifunge kwenye kitambaa, weka dakika ishirini. Kidole cha mguu kiko mbali na kina ubaridi, ndiyo maana yuriki inapenda kugandia huko, lakini kikishawaka barafu inapunguza maumivu.

---

MwalimuMstaafu_Mwanza

Mwanangu dereva, pole. Nina miaka 68, gauti ninayo tangu nikiwa nafundisha. Nilikuwa nikiandika ubaoni nimesimama kwa mguu mmoja, wanafunzi wakidhani ni mtindo.

Mfamasia amesema kweli, nami nithibitishe kwa mwili wangu. Nilikaa kwenye 100 miaka minne. Minne! Kila nikienda naandikiwa ileile, nami sikujua kuuliza. Daktari kijana mmoja ndiye aliyeniuliza: "Mwalimu, namba yako ni ngapi na tunataka ifike ngapi?" Hakuna aliyewahi kunitajia kwamba kuna namba ya kufikia. Tukapanda 200, 300, nikatulia kwenye 400. Mwaka wa kwanza wa kupanda nilishikwa mara nne, nyepesi nyepesi. Mwaka wa pili mara moja. Sasa ni mwaka wa sita, sijashikwa. Vinundu vya masikioni vimeisha, cha kidole cha mkono kimebaki kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Jambo jingine nataka ulisikie kwa mtu aliyeumia. Kabla ya hapo nilinunua unga wa mitishamba wa viungo stendi, kwenye chupa isiyo na jina. Siku ya pili nilikuwa natembea kama kijana. Nikaunywa miezi mitano. Uso ukawa wa duara, tumbo likatoka, sukari ikapanda, na nilipouacha nikaanguka. Hospitali wakaniambia dalili zile ni za mtu aliyekuwa akimeza dawa ya jamii ya prednisoloni kila siku bila kujua. Dawa ya miti ikifanya kazi kwa siku moja kwenye gauti, jiulize ndani wametia nini.

Huku kwetu adui ni dagaa. Sikuwaacha kabisa, mtu wa ziwa awaache dagaa aende wapi? Nakula mara moja kwa wiki, si kila siku kama zamani. Sato nakula kipande.

Weka daftari. Tarehe, kiungo gani, ulikuwa umefanya nini siku mbili kabla. Mimi langu lilinionyesha kitu ambacho sikukijua: nilikuwa nashikwa baada ya misiba. Kukesha, kutokula, kutokunywa maji, halafu kula nyama siku ya matanga.

DerevaViazi

Shikamoo mwalimu. Hilo la daftari limenigusa. Nimekaa nikahesabu kwenye simu kwa kuangalia miamala ya maduka ya dawa. Mara nane zilizopita, sita zilianza usiku wa kwanza baada ya safari ya Dar. Siku ambayo nimeendesha tangu alfajiri bila maji, soda tatu.

MwalimuMstaafu_Mwanza

Marahaba mwanangu. Basi lita moja na nusu ya maji iingie kwenye gari kama inavyoingia dizeli.

---

BintiTanga

Kaka yangu pole, na ubarikiwe kwa kuandika. Nina la upande wa akina mama, kwa kuwa wengi hudhani gauti ni ya wanaume. Mama yangu alianza akiwa na miaka 61. Miaka mitatu alitibiwa kama baridi yabisi. Walikuja kujua walipomvuta maji ya goti kwa sindano wakayaangalia kwa hadubini, wakaziona punje za yuriki zenyewe. Wanawake wakishakoma hedhi kinga yao inaondoka, tena naye alikuwa kwenye vidonge vya kukojoza vya moyo.

Ninachotaka kusema hasa ni hiki: kiungo kikivimba kwa ghafla pamoja na homa ya kutetemeka, msiseme "ni gauti yangu ile ile". Mara ya mwisho kwa mama ilikuwa usaha ndani ya goti. Tungechelewa siku moja zaidi wangemkata.

---

DerevaViazi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilikwenda hospitali ya mkoa, nikaandika maswali kwenye karatasi maana mbele ya daktari huwa nasahau. Nilimuuliza lile swali la mwalimu: tunataka ifike ngapi? Akaniangalia, akavuta kiti karibu. Kreatinini yangu ni 104, akasema figo ziko sawa. Kidonge cha presha amekibadilisha, sasa niko kwenye losatani. Alopurinoli 200, kolchisini kimoja kila usiku kwa miezi mitatu kisha tutaangalia. Kinundu cha kiwiko akakigusa, akasema ndicho chenyewe.

Wiki ya pili kidole kiliwasha nikiwa Chalinze. Nikameza viwili, baada ya saa moja kimoja, nikaweka mfuko wa maji ya baridi wa mama lishe, na alopurinoli SIKUSIMAMISHA. Kesho yake nilivaa kiatu. Sijawahi kuvaa kiatu siku ya pili tangu 2019.

Mfamasia, soda nimeacha. Usingizi nimepambana nao kwa kahawa ya kashata pale Morogoro, natumaini haina ubaya.

Mfamasia_Moro

Kahawa haina ubaya kwa gauti, kunywa. Lakini usingizi wa kweli tiba yake ni kuegesha ulale, kaka. Hongera kwa kutosimamisha.

DerevaViazi

Miezi minne sasa. Nimepandishwa 300 mwezi wa pili. Kipimo cha wiki iliyopita: 372. Daktari hakufurahi nilivyofurahi mimi, akasema kwa mwenye kinundu bado, ameniandikia 400 kuanzia Jumatatu na nitapima tena baada ya wiki nne. Tangu Chalinze nimeshikwa mara moja tu, kifundo cha mguu, siku mbili, nilikuwa kazini bado. Kolchisini ameniongezea miezi mitatu mingine kwa sababu dozi inapanda.

Kilo 4 zimerudi. Nyumbani kinapikwa chungu kimoja.

Juzi nimeteremka Kitonga na mzigo, mvua inanyesha, foleni ndefu kuliko ile ya kwanza. Nilikanyaga klachi kwa wayo wote, kiatu kimefungwa kamba. Utingo alikuwa ananitazama mguuni njia nzima, tulipofika Ruaha Mbuyuni akauliza tununue vitunguu au twende tu. Tukanunua gunia.

Namba ya mwezi ujao nitaiweka hapa hapa.